Mlengwa wa Shairi la Shenaz

Wembley, London
14 Januari 2024

Dada Eufrasia,

Naanza na mguu, maana najua ndicho utakachouliza kwanza. Mguu unatembea. Daktari alisema wiki sita, mimi nimetumia nne, akabaki kunitazama. Mkono wangu nao ni uleule wa darasa la nne, kwa hiyo soma polepole na uiache kalamu yako nyekundu kwenye kikapu. Ungekuwa na simu isiyosikilizwa na wajukuu wote ningekupigia, lakini habari hii si ya masikio ya sebule nzima.

Huyu mwanangu Vaileth amempangisha chumba cha juu msichana wa Kipakistani, Shenaz, mtu wa mji wa Multan, anasomea ufamasia. Mtoto ana adabu. Ananiita "Uncle", na chai anaipika na maziwa ndani ya sufuria kama binadamu. Sasa huyu mtoto, dada, ni malenga! Anasimama jikoni penye dirisha, anajirekodi kwa simu akisema shairi, anarusha mtandaoni, na watu elfu kumi na mbili wanamsikiliza. Mimi enzi zangu, nikiwa malenga Simba wa Reli, mashairi yangu gazetini kila Jumapili kutoka Dar mpaka Kigoma, sijui kama nilifikisha hao. Pengine nilifikisha, hakuna aliyehesabu.

Unamkumbuka Alnashir? Yule mtoto wa duka la vitambaa karibu na stesheni ya Tabora. Sasa ana miaka sabini na miwili na yuko mtaa wa pili kutoka hapa. Kiurdu anakijua, Kiswahili chake bado cha Tabora. Ndiye anayenifasiria. Basi nikamwambia tusikilize, si huyu tu, na wenzake vijana wa kwao walioko huko kwenye simu. Dada, wana vilio! Kuna mtu aliyeondoka. Kuna mlango uliofungwa. Kuna chai iliyopoa vikombe viwili na mnywaji mmoja. Kuna mwezi, kuna mvua, kuna kukosa usingizi. Kuna mama aliyeachwa uwanja wa ndege. Kuna mji wa ugenini usiojua jina lako. Kuna ujumbe uliosomwa, tiki mbili za bluu, na jibu hakuna. Wasichana wana la kwao, kwamba kila walipocheka waliambiwa wacheke taratibu. Na kuna huzuni tu, haina hata sababu, imekaa kwenye kiti kama mgeni asiyeaga.

Lakini ufundi upo, sikatai. Mwisho wa mstari wanarudisha neno lilelile, na kabla yake kina kinagonga kama gurudumu kwenye kiungo cha reli. La Shenaz linalopendwa zaidi linasema hivi, kwa tafsiri ya Alnashir: "Umeondoka, lakini viatu vyako bado viko mlangoni kwangu, wageni wanauliza nani yumo ndani, nasema mtu yumo ndani."

Nikamwuliza Alnashir, shairi hili linamlenga nani? Akasema, "Halimlengi mtu, ni shairi tu." Nikacheka mpaka Vaileth akaja kutazama. Shairi lisilo na mlengwa ni barua isiyo na anwani, hata posta hawaipokei. Sisi tumekulia wapi? Mtu akitupa fumbo ngomani, si wanawake wote hugeuka kuona nani kapigwa? Huyu mtoto analia kwa kijana fulani hapahapa, naye kijana anajifanya kiziwi. Nimeamua kumtafuta. Baba yake yuko mbali, mzee wa nyumba hii ni mimi.

Mdogo wako asiyeshindwa,
Telesphor


Tabora
6 Februari 2024

Wewe mtoto Telesphor,

Una miaka sabini na sita na bado nakuita mtoto, maana barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimeona mtoto aliyekwea paa.

Nafurahi mguu umepona. Hiyo habari ya wiki nne Vaileth ameniambia ni saba, lakini tuache.

Msichana mwache. Umemwuliza mwenyewe? Katika kurasa zote nne sikuona mahali ulipomwuliza. Umemwuliza Alnashir, umejiuliza wewe, ukajijibu wewe. Hao vijana hujawazaa na ngoma yao hujaicheza. Kwetu fumbo lina mwenyewe, lakini nani amekuambia kwao ni hivyo? Ukifika kwa watu ukute wote wamevua kofia, hukimbilii kuwauliza nani amekufa.

Nina swali pia. Toka tumzike wifi yangu, Mungu amlaze pema, sijasikia ubeti wako hata mmoja. Huenda unayemtafuta si mlengwa wa Shenaz. Huenda unatafuta kazi.

Tafadhali kaa kitako.

Dada yako,
Eufrasia


Wembley, London
27 Februari 2024

Dada Eufrasia,

Barua yako imefika jana, Jumatatu. Kazi nilishaimaliza Jumamosi, kwa hiyo ushauri wako nimeuweka kwenye droo, utafaa siku nyingine.

Nimempata! Anaitwa Kamal. Anatengeneza simu kwenye meza ndogo ndani ya duka la Mama Varsha, anayeuza vitambaa vya sari, barabara ya Ealing. Nimempataje? Nilipeleka simu ya Vaileth iliyopasuka kioo, nikamkuta kijana kainama, vifaa vya sikioni, anasikiliza. Nikachungulia. Shenaz! Jikoni kwetu, dirisha letu, na sufuria yangu nyuma yake. Na huyu kijana macho yamelowa. Dada, askari kanzu angetaka ushahidi gani zaidi?

Nikarudi nyumbani nikakaa siku mbili, nikatunga. Ndiyo, nimetunga, wewe uliyesema natafuta kazi. Jumamosi saa tano, duka limejaa, nikavaa koti la harusi ya mwanangu Deus, nikaenda. Alnashir nilimwomba anisindikize, akasema tumbo linamuuma. Nikasimama katikati ya vitambaa, nikagonga fimbo sakafuni, nikamtolea:

Kamali nakuuliza, hapa mbele ya wenzio,
Msichana ajiliza, wala humpi sikio,
Mlango umeukaza, asipate kimbilio,
Jibu ama leta posa, kimya si makusudio.

Mizani kumi na sita kila mstari, hesabu mwenyewe. Kisha nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha reli, wote wakaelewa. Nikasema Shenaz ndiye huyo msichana, na Kamal ndiye aliyekaza mlango. Kuna mama mmoja alikuwa anapima lesi, aliiachia ikamwagika mpaka chini. Kamal akainama chini ya meza kana kwamba anatafuta bisibisi. Hatia, dada! Na watu wakawa wananirekodi kwa simu zao, watu watatu au wanne. Mama Varsha mwenyewe akanifungulia mlango nitoke, heshima kubwa.

Nangojea washenga. Shenaz sijamwambia, nataka liwe jambo la ghafla la furaha.

Wako,
Telesphor, Simba wa Reli


Wembley
3 Machi 2024

Ndugu yangu Telesphor,

Nimekuja kwako mara tatu. Mara zote Vaileth ananiambia umelala, na mara zote naona pazia lako linacheza. Sasa nakuandikia, naipitisha kwenye tundu la mlango, maana karatasi huwezi kuiambia umelala.

Yule mama wa lesi ni mama wa mchumba wa Kamal. Nikaha yao ni mwezi wa sita. Alikuwa ananunua lesi ya bibi harusi.

Wale waliokurekodi wameirusha video mtandaoni. Shairi lako la Kiswahili hakuna aliyelielewa, ila Kiingereza chako cha reli kila mtu amekielewa. Siku ya tatu ilikuwa Multan. Baba yake Shenaz, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, amemwona mzee mwenye fimbo akimtangaza binti yake mbele ya sari. Ameagiza mashairi yote yafutwe. Shenaz ameyafuta yote, mia moja na kumi. Na tarehe 27 Aprili, baada ya Idi, kuna mushaira, mkutano wa washairi wao hapa Wembley. Alikuwa amepewa nafasi ya kusoma jukwaani, mara yake ya kwanza mbele ya watu wanaomtazama ana kwa ana. Baba amekataza.

Kamal na Shenaz hawajawahi kuongea, Telesphor. Nilikwenda kumwuliza kijana, je, ulilia kwa nini? Akasema, "Mzee, kila mtu analia pale kwenye viatu." Na wewe ulisikiliza pamoja nami, mlango, mwezi, chai ya kupoa. Hivyo ni vyombo vya jikoni, kila anayepika anavitumia. Huwezi kumkuta mtu na sufuria ukasema ameiba kwako.

Ilinipasa nikuambie Jumamosi ile usiende, nisisingizie tumbo. Nilisingizia. Kosa langu hilo.

Nenda ukaseme umekosea. Nafasi ya mtoto inategemea neno moja kutoka kwako, na wote tunajua hilo neno hujawahi kulitamka.

Alnashir


Wembley, London
5 Machi 2024

Dada Eufrasia,

Mambo hayakwenda nilivyopanga, lakini si kosa langu. Watu wa mji huu hawana adabu ya kupokea shairi. Vaileth haongei nami. Shenaz anaongea nami, na hilo ndilo baya zaidi. Anashuka, "Good morning, Uncle", anapika chai, anaweka kikombe changu mezani, anapanda juu. Dirishani hasimami tena.

Alnashir anataka niseme nimekosea. Nimekosea nini? Nijibu wewe uliyesoma ualimu: kuna shairi lisilo na mlengwa? Kama lipo nitajie hata moja.

Telesphor


Tabora
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Telesphor,

Umesema nitaje hata moja. Nataja sitini.

Zawena wa Kaliua. Umemsahau? Mashairi sitini gazetini, mwaka mzima na zaidi: Zawena kanikimbia, Zawena hanijibu, treni imepita Kaliua na Zawena hakutoka stesheni. Tabora nzima tulimtafuta huyo mwanamke. Wifi yangu alifunga kanga mbili, akapanda treni mpaka Kaliua na fimbo ndani ya kikapu. Zawena aliyemkuta ni mmoja tu, bibi wa miaka themanini anayeuza asali. Akarudi na chupa mbili za asali na fimbo haijatumika.

Ulipokuja kujificha kwangu uliniambia nini? Mimi nakumbuka hata kiti ulichokalia. Ulisema, "Dada, hakuna Zawena. Malenga wote wana mwanamke wa stesheni fulani, yule wa Morogoro, yule wa Dodoma, mimi ningekosaje?" Nikakuuliza, sasa yale machozi ya nini? Ukasema, "Machozi ni ya kweli, mwanamke ndiye hayupo."

Na wifi yangu alipoelewa, alifanya nini? Hakukukataza. Alikuwa anakusomea kwa sauti, wewe unarekebisha.

Sasa wewe uliyesamehewa mwanamke mzima kwa jina na stesheni yake, msichana wa watu umemfuatilia viatu viwili vilivyoko mlangoni.

Simama mahali ulipomwangushia. Useme. Hutakufa. Mimi nilikosea mara nyingi darasani na bado niko hai, na ni mkubwa kwako.

Eufrasia


Wembley, London
2 Aprili 2024

Kwa Bwana Mwalimu, baba yake Shenaz, Multan,

Mimi ni Telesphor, yule mzee mwenye fimbo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kusimama wima ndani yake. Ndugu Alnashir ataigeuza Kiurdu, na nimemwapisha asipunguze neno wala asiongeze chumvi.

Nilikosea.

Nataka ujue nani anasema hivyo. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, na ushairi miaka zaidi ya hiyo. Malenga wa Kigoma, wa Dodoma na wa Morogoro wote niliwajibu wakakaa kimya. Sijawahi kumwambia mtu nimekosea, hata padri dhambi zangu nilikuwa nampa kwa mafungu. Kwa hiyo hili ninalokupa si jambo dogo, ulishike kwa mikono miwili.

Jana nilirudi dukani kwa Mama Varsha. Nikasimama palepale, saa ileile, na mama wa mchumba wa Kamal nilimwomba aje, akaja kanuna. Nikawaambia watoe simu zao wanirekodi tena. Nikasema Kamal hamjui Shenaz, Shenaz hamjui Kamal, aliyekosa ni mimi. Mama wa mchumba akaniuliza kwa nini nilizua. Nikamwambia sikuzua, nilisikiliza vibaya. Amenisamehe nusu. Harusi ipo palepale.

Sasa kuhusu binti yako. Mimi na Alnashir tumesikiliza vijana wenu arobaini, wa Karachi, wa Lahore, wa Bradford. Thelathini na wanane wameachwa na mtu. Bwana Mwalimu, kama kila mmoja ana mpenzi wake aliyeondoka, basi huko kwenu hakuna aliyebaki nyumbani. Mwezi wanao wote. Chai iliyopoa wanayo wengi mno, mpaka nikajiuliza kwa nini hawainywi mapema. Huo ndio uwanja wao, na kila kijana anaingia humo kama sisi tulivyoingia kwenye wanawake wa stesheni. Nina ushahidi wa maisha yangu mwenyewe: nililia mashairi sitini kwa mwanamke ambaye hakuzaliwa. Mke wangu alimtafuta kwa fimbo, asimpate.

Lakini mtu hujulikana kwa anachoongeza. Katika hao arobaini nilimtafuta baba, sikumwona. Mama wapo wengi, na machozi yao. Baba yupo kwa binti yako peke yake. Lilikuwa shairi la sitini na kitu, hao elfu kumi na mbili wengi walilipita. Baba yuko uwanja wa ndege, anahesabu masanduku. Mawili. Anahesabu tena. Mawili. Anaendelea kuhesabu masanduku mawili mpaka msichana anapoingia ndani, ili asimtazame. Limefutwa kama mengine, ila Alnashir alikuwa ameliandika kwenye daftari, nami nimemwambia alinakili hapa chini.

Mtoto huyu ni bora kuliko mimi nilivyokuwa katika umri wake. Nimetafuta namna nyingine ya kuisema sentensi hiyo, sikuipata.

Tarehe 27 Aprili mruhusu asome.

Telesphor, Simba wa Reli


Multan
8 Aprili 2024
(Mkono wa Alnashir, kutoka Kiurdu)

Bwana Telesphor,

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Masanduku yalikuwa mawili, ni kweli. Sikujua kuwa aliniona.

Umesikiliza vijana arobaini wa nchi yangu. Mimi nilikuwa sijamsikiliza hata mmoja, wa nyumbani kwangu akiwemo. Niliambiwa anasema mambo ya mapenzi, nikaona inatosha kukataza.

Bado nimekasirika nawe. Binti yangu atasoma. Bwana Alnashir anishikie simu, nami nitakuwepo.


Wembley, London
28 Aprili 2024

Dada Eufrasia,

Kaa, uvae miwani.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mushaira ni jambo la heshima, dada, na jina lenyewe unaona ni ndugu wa shairi letu. Mshairi anasema mstari, akipendeza wanamwitikia, "Wah! Wah!" Ukiwagusa kabisa wanadai arudie. Hapana kupiga makofi kama kwenye mkutano wa chama. Nilikaa mstari wa mbele, koti la harusi ya Deus. Kushoto kwangu Vaileth, ambaye sasa anaongea nami, mno. Kulia Alnashir, simu gotini kwake, na ndani ya simu mzee wa ndevu nyeupe kakaa wima kama yuko ofisini.

Asubuhi Shenaz alikuwa ameshuka na kikombe changu, hakupanda. Akakaa. Nikamwuliza, kwa hicho Kiingereza changu, nikiwa nimechelewa miezi mitatu: hilo la viatu, ulikuwa unamwambia nani? Akafikiri. Akasema, "Sijui, Uncle. Nilianza na viatu. Mtu wake akaja baadaye, mpaka leo hajaniambia jina." Nikamwambia wa kwangu aliniambia jina, akakosa anwani. Akacheka, na hakucheka taratibu.

Alipoitwa jukwaani nilidhani ataanza na lile la masanduku, ampendeze baba yake. Hakuanza nalo. Mtoto mkaidi! Kashika kipaza sauti, katazama watu, akafungua na lilelile lililomletea balaa. "Umeondoka, lakini viatu vyako bado viko mlangoni kwangu."

Wote walikuwa wameiona ile video. Kulikuwa na watu wanatazama chini, wengine wananitazama mimi, na yule mama wa lesi alikuwepo na mkwe wake Kamal kando. Hakuna aliyethubutu kusema "Wah." Shenaz amesimama, mstari umetoka na hakuna aliyeupokea, na kwao mstari usiopokelewa ni aibu kuliko matusi. Niliona kidole chake kinatafuta ukingo wa karatasi. Mimi nilitaka kuitikia, nikaogopa. Ndiyo, niliogopa, usimwonyeshe mtu barua hii. Niliona nikifungua mdomo mimi, watasema yule mzee ameanza tena.

Basi gotini kwa Alnashir, ndani ya kile kisimu, ikatoka sauti ya mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne, kavu, ya darasani, ukumbi mzima ukaisikia.

"Rudia."

Shenaz akarudia. Na mimi nilikuwa wa pili kuitikia, nakubali, wa pili. Lakini kwa sauti, dada, nilimzidi.

Telesphor